Sakafu ni Amana ya Aliye Chini

  Wazee wangu, ndugu zangu, na nyinyi mama zetu mlioko ghorofani, katika siku hii ya Ijumaa nakuusieni na naiusia nafsi yangu tumche Mwenyezi Mungu tunapoonekana na tusipoonekana.

Ucha Mungu wa leo nataka tuutazame chini ya miguu yetu. Nakusudia kuzungumza juu ya sakafu za nyumba zetu: zinabeba uzito kiasi gani kwa salama, na anapozizidishia mtu, ni nani anayebeba dhambi yake. Atakayeona kwamba hayo ni maneno ya mafundi na si ya msikitini, namwomba subira. Katika Mji Mkongwe huu tunaishi watu juu ya watu. Dari ya mmoja ni sakafu ya mwenziwe, na jambo lililo hivyo haliwezi kuwa la fundi peke yake.

Tumo katika Shaaban. Mnajua mwezi huu ulivyo. Mfanyabiashara anajaza stoo kabla bei hazijapanda: mchele, sukari, unga, tende. Mwenye nyumba anaongeza friji, anaongeza makochi, anapandisha tangi la maji juu ya paa ili Ramadhani isimkute na mifereji mikavu. Walimu wa madrasa wanatafuta chumba cha darsa. Familia zinapanga futari ya watu hamsini katika ukumbi uliozoea watu kumi. Karibu vyote hivyo vinapanda ngazi, kwa sababu chini ni duka au hakuna nafasi. Tunauliza bei, tunauliza atakayebeba, tunauliza kama kitapita mlangoni. Kama sakafu itakihimili, nani anauliza?

Wahandisi wanauliza, na jibu lao si siri. Sakafu ya chumba cha kuishi, katika nyumba iliyochorwa na kujengwa kwa utaratibu, huhesabiwa ibebe kilo 150 hadi 200 hivi kwa kila mita moja ya mraba, mbali na uzito wa sakafu yenyewe. Mita ya mraba ni eneo kubwa kidogo kuliko msala mmoja. Kwa kitanda, kabati, meza na watu wa nyumbani, kipimo hicho kinatosha na kubakisha. Sasa tia maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, na kitako chake kinakalia eneo lisilofika mbali na hiyo mita moja. Hapo umeweka mara tano ya kilichohesabiwa, au zaidi, na umeuacha mzigo huo pale usiku na mchana. Tia magunia. Gunia la mchele la kilo 50 ukilipanga juu ya jenziwe mpaka yafike kumi, mita ya mraba iliyo chini yake imebeba zaidi ya kilo 1,000. Mwenye kuchora ghala anajua hivyo, ndiyo maana sakafu ya ghala huchorwa kwa hesabu nyingine kabisa. Chumba cha kulala hakigeuki ghala kwa kubadilishwa kufuli ya mlango.

Na sisi waumini tuna hesabu yetu. Tukisimama katika safu, kila mmoja ana nafasi yake ya kurukuu na kusujudu, na uzito wetu kwa wastani haufiki mbali na kile ambacho nyumba ya kawaida imehesabiwa. Lakini sala ikisha, tunaelekea ngazini kwa pamoja, tunasongamana penye viatu, na pale penye mtu mmoja na nusu panasimama watano. Kwa sababu hiyo kumbi za mikusanyiko zisizo na viti vya kudumu huhesabiwa kilo 400 hadi 500 kwa mita ya mraba. Anayechukua sebule ya ghorofa ya pili na kuifanya madrasa, au mahali pa kusalia tarawehe, amefanya jambo la kheri kwa nia yake, lakini sakafu haiijui nia. Inamlazimu kwanza ampate mtu wa kumwambia kama ile sebule inaweza kuwa ukumbi.

Mahali unapouweka mzigo pana uzito wake pia. Mzigo ule ule, ukiuweka wote katikati ya boriti, huitia nguvu ya kuipinda mara mbili ya ile ambayo ungeitia kama ungetandazwa urefu wote wa boriti. Ukiusogeza karibu na ukuta unaobeba boriti, unapungua makali. Ukikaa juu ya boriti moja tu, boriti hiyo inabeba peke yake. Ukikingama boriti kadhaa, zinasaidiana. Kwa hiyo kabati la vitabu au friji la nyama liwekwe kwenye vichwa vya boriti, pembeni mwa ukuta mnene, lisisimamishwe katikati ya chumba.

Nimesema boriti, na wengi wenu mmezaliwa chini yake. Nyumba zetu za zamani hazikujengwa kwa hesabu za vitabu vya uhandisi. Zilijengwa kwa miti ya mikoko iliyokuja kwa majahazi kutoka Rufiji na Lamu, miti ile ile iliyovuka bahari ikajenga Maskati na bandari nyingine za Ghuba. Urefu wa boriti ndio uliokata upana wa chumba, mita mbili na nusu hadi tatu, na ndiyo sababu vyumba vyetu ni vyembamba na virefu. Mafundi wale walijua ukomo wa mti, wakauheshimu. Juu ya boriti walipanga mawe ya matumbawe, juu ya mawe wakatia kokoto na udongo na chokaa, ikapigwa kwa vijiti mpaka ikashikana, unene wa shibiri moja na zaidi. Sakafu ya namna hiyo ni nzito kuliko vyombo vyote utakavyoviweka juu yake. Boriti zake zimeshabeba mzigo mkubwa kabla hujaingiza hata jamvi.

Sisi tuliokuja baadaye tumezifanyia nini sakafu hizo? Hapa naomba tusikilizane vizuri, kwa sababu madhara mengi yanaingia kwa mlango wa matengenezo. Boriti inapochoka, sakafu inabonyea katikati. Mwenye nyumba anaona bonde, anamwita fundi, fundi anamwaga zege kulisawazisha. Unene wa sentimita tano tu wa zege una uzito wa kilo 110 hivi kwa mita ya mraba. Chumba cha mita tatu kwa tano kinaongezewa zaidi ya kilo 1,600, na sehemu kubwa ya uzito huo inaingia pale pale palipobonyea, katikati, mahali pabaya kuliko pote. Boriti inabonyea tena. Baada ya miaka michache analetwa fundi mwingine, anaongeza tabaka jingine, na juu yake vigae. Kisha bafu linapandishwa juu, penye chumba ambacho hakikuwahi kuona maji. Bomba linavuja kidogo kidogo, unyevu unaingia ukutani, na saruji tuliyoipaka badala ya chokaa inauzuia usitoke. Kichwa cha boriti kilichozama ukutani kinaoza, na mchwa wanakuja kumaliza. Kwa nje boriti inaonekana nyeusi na ngumu kama ilivyokuwa zama za babu. Ukiichoma bisibisi pale inapoingia ukutani, bisibisi inazama.

Anayesema kwamba sakafu yake imebeba miaka sitini na itabeba Ramadhani hii pia, basi ajue kwamba iliyobeba miaka sitini si hii. Ile ilikuwa na mti mzima na mzigo mdogo. Hii ina mti uliopungua na mzigo ulioongezeka.

Wala wenye nyumba za zege wasijione wamesalimika. Zege linataka siku 28 ndipo lihesabiwe limefikia nguvu zake, na kuna wanaoondoa miti ya kuegemezea kabla ya wiki mbili ili waihamishie kazi nyingine. Mchanga wa pwani usiooshwa unatia chumvi, na chumvi inazila nondo ndani kwa ndani. Na kuna tamaa ya kuongeza ghorofa juu ya nguzo zilizokusudiwa ghorofa chache. Tarehe 29 Machi 2013, nayo ilikuwa Ijumaa, ghorofa lililokuwa likijengwa pembeni ya msikiti katika mtaa wa Indira Gandhi jijini Dar es Salaam liliporomoka asubuhi na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lenye maduka likaanguka Kariakoo, wakafariki zaidi ya watu 20, na wengine walizungumza na waokoaji kutoka chini ya kifusi. Na hapa kwetu sote tunaikumbuka tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, la mwaka 1883, ilipoanguka katikati ya ukarabati na kuondoka na roho za watu wawili. Sababu za kuanguka kwa majengo hayo hazifanani, na sitaki kuzichanganya. Nayataja kwa sababu waliokufa ni jirani zetu, na tumewasalia.

Kuna tukio moja la mbali kidogo ambalo naona kila Muislamu mwenye kumiliki jengo alijue. Nchini Bangladesh, katika mji wa Savar, lilikuwepo jengo la ghorofa nane likiitwa Rana Plaza. Lilikusudiwa maduka na ofisi. Ghorofa za juu ziliongezwa bila kibali, ndani yake vikawekwa viwanda vya nguo, na mashine zake, na majenereta makubwa kwenye sakafu za juu. Tarehe 23 Aprili 2013 zikaonekana nyufa kubwa, watu wakatolewa. Benki iliyokuwa ghorofa za chini haikuwarejesha wafanyakazi wake. Washonaji, wengi wao wanawake vijana wa Kiislamu, wakaamrishwa warudi kesho yake, na wakatishiwa kukatwa mshahara. Asubuhi ya tarehe 24 umeme ukakatika, majenereta yakawashwa, jengo likashuka. Waliokufa ni 1,134. Ile siku moja kati ya ufa na kifusi ilitosha kumwokoa kila mmoja wao, na mwenye amri aliitumia kuwarudisha ndani.

Ndugu zangu, dini yetu haikuliacha jambo hili. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Mtume, rehma na amani zimfikie, amemtahadharisha anayelala juu ya paa lisilo na ukingo, kwamba dhima imemwondokea. Tazameni ulezi huu: Mtume anaufundisha umma wake habari ya ukingo wa paa. Anayesema tawakkal inamtosha na hataki vipimo, tawakkal yake aliifundishwa na nani? Na ni Mtume huyo huyo aliyeapa mara tatu kuinyima imani ya mtu ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake. Jirani wa ubavuni utamsikia akilalamika juu ya moshi na kelele. Jirani wa chini ya sakafu yako hana njia ya kukilalamikia asichokiona. Anajifunika shuka, analaza watoto wake, na amekuachia wewe roho zao bila kukuandikisha popote.

Na mfano mkubwa zaidi uko katika Sahihi ya Bukhari, katika hadithi ya Nu'man bin Bashir, ya watu waliogawana jahazi kwa kura. Wengine walipata sehemu ya juu, wengine ya chini. Wa chini wakihitaji maji iliwabidi wapite kwa walio juu, wakaona bora watoboe tundu katika sehemu yao wasiwasumbue wenziwao. Mtume akafundisha kwamba wakiachiwa watoboe, wote wataangamia, na wakizuiwa, wote wataokoka. Watoboaji wale hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa na adabu hata ya kutotaka kuwaudhi jirani. Na sehemu ilikuwa yao kwa haki, kwa kura. Umiliki wao haukuwapa ruhusa. Katika nyumba zetu mambo yamegeuka, mara nyingi wa juu ndiye anayetoboa, lakini hukumu ni ile ile. Usiseme hii ni sakafu yangu nimeinunua. Umenunua kuitumia, hukununua roho ya aliye chini yake.

Wanazuoni wetu wa zamani walilishughulikia hili katika mlango wa ukuta ulioinama. Wahanafi wanasema ukuta wa mtu ukiinamia njia, akatakiwa aubomoe mbele ya mashahidi, akapata muda wa kutosha asifanye, ukaanguka ukadhuru, basi analazimika kulipa. Imam Nawawi, wa madhehebu yetu ya Shafi, katika kitabu chake Minhaj anamtenganisha aliyeujenga ukuta ukiwa umeinama tangu mwanzo, huyo anabeba dhamana, na aliyeujenga wima kisha ukainama wenyewe, na hapo pana khitilafu. Sikukaa hapa kutoa fatwa ya kesi ya mtu. Ila naona kwa moyo wangu wote kwamba anayepandisha tangi, magunia na zege kwa mkono wake juu ya boriti alizoambiwa zimechoka, anamkaribia yule wa kwanza kuliko wa pili. Naye fundi anayekubali kila kazi kwa sababu analipwa kwa siku, akumbuke kwamba Mtume amemtia dhamana anayetibu watu hali hajulikani kuwa na ujuzi wa tiba. Mwili wa jengo nao una watu ndani yake.

Sasa tufanye nini. Nyumbani leo, tazama dari uliyo chini yake. Mlango wa juu uliokuwa ukifunga vizuri na sasa unakwama, ufa mpya unaokata kona ya ukuta kwa mshazari, unga wa mchwa sakafuni, chokaa inayodondoka kila mtu anapopita juu, mlio wa mti usiku: hizo ni khabari, usizizoee. Ukiona moja, punguza mzigo wa juu kwanza, hasa maji na magunia, kisha ndipo umtafute mhandisi. Tangi kubwa lishushwe chini kwenye msingi wake lenyewe, pampu ikae nalo chini, na juu lipande tangi dogo tu, lililokaa juu ya ukuta unaobeba. Usimwage zege jipya kusawazisha bonde. Badilisha boriti, na juu yake rudisha kitu chepesi. Katika mji huu kuna Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji. Kabla ya kuongeza bafu au ukuta nenda ukaombe kibali, na usikione kibali kuwa ni adha ya serikali. Na ukiona dari inashuka, au umesikia mpasuko, toka na watu wako saa hiyo hiyo. Usirudi kwa ajili ya televisheni.

Mwenye nyumba, mpangaji akikuletea khabari ya ufa, usimtishie kumtoa. Amekuletea nasaha, na nasaha ni haki. Mpangaji nawe, usimfiche mwenye nyumba kwamba umeigeuza sebule yake stoo.

Limebaki jambo ambalo ni zito kwangu kulisema, kwa sababu lawama hapa haina mwenyewe. Wako kati yetu wanaojua fika kwamba sakafu yao imechoka, na wameshapunguza kila cha kupunguzwa, na hawana pa kuhamia. Nyumba nyingi za mji huu ni za wakfu. Kodi yake ni ndogo, inamsaidia maskini kukaa, na haitoshi kununulia boriti. Wazee waliozitoa walitaka thawabu zisizokatika. Sisi tunazitazama zikianguka, kisha tunachanga kwa ajili ya sanda. Mchango ule ule ukitangulia, unanunua miti ya kuegemeza dari ndani ya siku moja, na unampa mhandisi nafasi ya kupima kwa utulivu. Tumezoea kudhani sadaka jariya ni kisima au msikiti mpya. Boriti inayomlaza yatima salama ghorofa ya pili imo pia, na ni rahisi kuliko kisima.

Kabla ya mwezi kuandama, imamu na kamati wamekubali kupokea majina ya nyumba za namna hiyo. Anayeijua moja, ya kwake au ya jirani, amwone imamu baada ya sala. Mwenye mbao, mwenye nguzo za chuma zilizolala bure, mwenye ujuzi wa kuegemeza, naye amwone. Na nyinyi mlioko ghorofani, shukeni safu kwa safu, wa nyuma kwanza, msisimame pamoja penye ngazi.